Mvua ya Krismasi Bariadi: Nani Anajua, na Nani Analipa?

Hoja iliyo mezani ni hii: utabiri wa hali ya hewa unaotolewa kwa asilimia haumsaidii mkulima wa Simiyu.

Wanaobishana ni wanne. Yupo mzee wa pamba kutoka upande wa Dutwa, mwalimu wa hisabati wa sekondari, mama mwenye duka la pembejeo mjini Bariadi, na kijana wa bodaboda ambaye jioni hukaa na mikeka yake ya kubeti. Bwana shamba ataingia baadaye. Sikuwapa majina kwa sababu hakuna kati yao aliye mtu mmoja. Maneno yao nimeyaokota sokoni, kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikayapanga yajibizane.

Wakati ni mwishoni mwa Novemba. Kalenda ya pamba huku kwetu inataka mbegu iingie ardhini kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba. Mashamba yameshalimwa, mbegu zimeshachukuliwa kwa mkopo, na kila alasiri mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, yananguruma kidogo, kisha yanatawanyika. Kijana ndiye anayeanza, na anaanzia mbali.

KIJANA: Wazee wangu, ninyi mnabishania mvua, wenzetu Uingereza wanabeti theluji. Kila Desemba kampuni za kubeti zinauliza: Krismasi hii theluji itaanguka au haianguki? London ina odi yake, Glasgow ina yake. Mtu anaweka pauni zake, anasubiri tarehe 25. Kama wao wameweza kuitabiri theluji mpaka wakaiwekea hela, sisi mvua inatushindaje?

MZEE: Hiyo theluji inaotesha nini?

KIJANA: Haioteshi kitu, mzee. Ni raha tu, na picha.

MZEE: Basi hao wanacheza. Mimi sichezi.

MWALIMU: Wanacheza kweli, mzee wangu, lakini mchezo wao una sheria, na sheria ndiyo tunayoikosa sisi. Met Office, yaani mamlaka yao ya hali ya hewa, inaihesabu Krismasi kuwa nyeupe ikiwa chembe moja tu ya theluji imeonekana ikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, popote Uingereza. Kama itakaa chini au itayeyuka, hilo si shauri lao. Marekani hawajali inayoanguka. Wanataka iliyolala chini, inchi moja au zaidi. Kanada wanataka sentimita 2 chini, zipimwe saa moja asubuhi. Nchi tatu, Krismasi nyeupe za aina tatu. Na tazama tofauti inavyokuja: kwa kipimo cha chembe inayoanguka, Uingereza hupata Krismasi nyeupe zaidi ya nusu ya miaka. Ukiuliza ni mara ngapi theluji imetanda chini kwenye zaidi ya asilimia 40 ya vituo vyao, tangu 1960 utahesabu 1981, 1995, 2009 na 2010, basi. Nchi ileile, sikukuu ileile. Kwa hiyo kabla hujauliza kama itanyesha, sema kwanza ukisema "imenyesha" una maana gani.

MAMA: Na sisi hapa, Krismasi ya mvua ni ipi?

Swali la mama ni gumu kuliko linavyosikika. Kipima mvua cha kawaida ni chombo cha bati chenye mdomo wa duara, kimesimikwa mahali pa wazi, mbali na miti na kuta. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anayamimina maji yake kwenye bilauri ya kupimia, anainama mpaka jicho lilingane na mstari, anasoma milimita, anaandika daftarini. Siku ya mvua, basi, haianzi saa sita usiku. Inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tatu asubuhi inayofuata. Mvua iliyowalowesha watu wakitoka misa ya mkesha, saa saba usiku, itasomwa asubuhi ya Krismasi, lakini ni maji ya siku iliyoanza tarehe 24. Ile itakayokimbiza watu na sahani zao za pilau mchana wa sikukuu itasomwa tarehe 26. Manyunyu yasiyofika milimita 1 kwa kawaida hayaihesabii siku kuwa ya mvua, hata kama yameloanisha nguo zote kwenye kamba. Na kama kipima mvua kiko mjini Bariadi na wingu limepasukia Nkololo, daftari litaandika sifuri.

MZEE: Hapo umesema! Mwaka kwa mwaka naiona mvua inasimama mpakani mwa shamba langu na la jirani. Yeye anapanda, mimi natazama. Halafu redioni anakuja mtu anasema: ukanda wa Ziwa Victoria, mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara, mvua za Vuli zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Bukoba na Meatu katika sentensi moja! Bukoba wana migomba mpaka mlangoni. Huo wastani ni wa nani?

Mzee ana haki ya kukasirika, na sababu ya kinachomkasirisha inajulikana. Mchana jua linaichoma nchi kavu kuliko ziwa. Upepo unatoka Ghuba ya Speke kuja mashariki, unagongana na upepo unaotoka upande wa Serengeti, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na ifikapo alasiri wingu la ngurumo limesimama. Wingu la namna hiyo huwa na upana wa kilomita chache tu. Usiku mambo hugeuka, ngurumo zinahamia juu ya maji, na wavuvi ndio wanaozipata. Mtaalamu anaweza kusema kwa ujasiri kwamba kesho mawingu hayo yataumuka mashariki ya ziwa. Kusema litapasukia kijiji gani ni kazi nyingine kabisa.

Hapa niingize kisa, kwa kuwa mabishano ya mtu wa ofisini na mtu wa shambani ni ya zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na kuandika kwamba kileleni kuna theluji. London alikuwapo bingwa wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani, huyo macho yamemdanganya. Ubishi uliendelea kwa miaka, hata baada ya Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji yenyewe. Wachaga, ambao walikuwa wakiitazama kila asubuhi, hawakuulizwa. Mzee wetu hamjui Cooley, ila anamtambua anapomsikia.

MWALIMU: Wastani si wa mtu, mzee. Chukua Vuli 30, tuseme kuanzia 1991 hadi 2020. Zipange kuanzia yenye maji machache mpaka yenye maji mengi. Kumi za chini ni "chini ya wastani", kumi za kati ni "wastani", kumi za juu ni "juu ya wastani". Kama hujui chochote kuhusu mwaka huu, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Wataalamu wanapokutana na wenzao wa nchi jirani chini ya ICPAC, kituo cha kanda cha hali ya hewa, wanatazama joto la bahari. Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wetu na baridi upande wa Indonesia, Vuli huelekea kuwa nzito. El Niño nayo mara nyingi husukuma upande huohuo, La Niña hukausha. Ndipo wanasema, tuseme, asilimia 45 juu, 35 wastani, 20 chini.

KIJANA: Kwa hiyo ni odi imesogea tu! Asilimia 33 ni odi ya 3. Asilimia 45 ni odi ya 2.2. Hawajasema timu itashinda. Wamesema timu imepata mshambuliaji.

MWALIMU: Umeelewa kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha nne.

KIJANA: Na ile ya asilimia 20 ikitokea, utabiri haujadanganya. Mara moja kati ya tano lazima itokee. Mimi mikeka imenifundisha hilo kwa machungu.

MZEE: Wewe ukichaniwa mkeka umepoteza shilingi elfu moja, kesho unapakia abiria wawili imerudi. Mimi nikichaniwa mkeka nimepoteza eka tatu, na msimu haurudi mpaka mwakani. Usinifundishe odi.

KIJANA: Basi mzee, twende Gamboshi tukaulize.

MZEE: Gamboshi nao mvua ikikosekana wananunua mahindi sokoni. Nimewaona.

(Kwa msomaji wa mbali: Gamboshi ni kijiji cha wilaya ya Bariadi ambacho nchi nzima inakisimulia kwa uchawi. Wenyeji wamechoka na simulizi hizo, na mzee hapa anawatetea kwa namna yake.)

Mama alikuwa kimya muda mrefu. Duka lake linauza dawa za kunyunyizia pamba, mabomba ya kupulizia na mbegu za mahindi. Kila Novemba lazima aagize mzigo kabla hajajua mvua itakuwaje.

MAMA: Naona mnagombania jambo lisilo na maana. Mimi mwenye duka sihitaji kujua kama itanyesha. Nahitaji kujua nikikosea upande gani naumia zaidi. Mzee, nikuulize. Ukipanda leo kwenye udongo mkavu, ikaja mvua ya kudanganya, mbegu ikaota, jua likakaza, miche ikafa. Kurudia mbegu na vibarua ni kiasi gani kwa eka?

MZEE: Tuseme elfu arobaini.

MAMA: Na usipopanda leo, mvua nzuri ikaja kesho, ukachelewa wiki mbili kwa kugombania plau na majirani. Mavuno yanayopotea?

MZEE: Pamba iliyochelewa inakutwa na wadudu, na mvua inaisha vitumba havijakomaa. Hapo napoteza hata laki na ishirini kwa eka.

MAMA: Mwalimu, maliza.

MWALIMU: Hasara moja ni mara tatu ya nyingine. Kwa hesabu hiyo, nafasi ya mvua nzuri ikizidi asilimia 25 tu, panda. Hata kama utabiri unasema ukame una nafasi kubwa zaidi, asilimia 70 kwa 30, bado panda. Utabiri haujakwambia itanyesha. Umekwambia dau lako uliweke wapi.

MZEE: Kwa eka zipi? Luseni au mbuga?

Ukumbi ulinyamaza, na mimi nikiwa mwandishi nakiri kwamba hili ndilo swali lililonifanya niandike mjadala huu. Shamba la Msukuma mara nyingi si la udongo mmoja. Juu kwenye mwinuko kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kwa plau, unaopokea mvua ndogo na kuipoteza haraka. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi, na ukilowa sawasawa unamshinda hata ng'ombe. Mbuga ikishashiba maji inaitunza mimea wiki kadhaa bila mvua. Hesabu ya mama na mwalimu ilikuwa ya eka moja isiyo na udongo. Ya mzee ina udongo wa aina mbili, na kila mmoja una hasara zake.

MZEE: Mimi luseni napanda mapema kidogo kidogo, robo eka, nusu eka, kila wingu likinipa moyo. Mbuga naacha mpaka mvua ya kweli. Jioni nyota za Kilimia zikionekana mashariki najua muda umefika, na upepo wa ziwani ukianza kubadilika naongeza kasi. Kama mwaka ni mbaya luseni inanikatalia, mbuga inaniokoa. Kama mvua ni ya mafuriko mbuga inazama, luseni inanilisha. Nafanya hivyo tangu mwalimu hajazaliwa, na sikuwahi kuita asilimia.

MWALIMU: Lakini ni asilimia, mzee.

MZEE: Iite utakavyo. Nina swali jingine, na hili hamtalijibu. Zamani mtemi ndiye aliyekuwa na dhamana ya mvua. Watu walimpa heshima na kodi, na mvua ikikataa miaka, waliweza kumwondoa kitini. Alikuwa na la kupoteza. Serikali ikafuta utemi mwaka 1963, sawa. Sasa huyu anayesema asilimia 45, ikitokea ile 20 anasema "nilishasema 20". Ikitokea 45 anasema "mnaona?" Huyo hakosei kamwe! Anaondolewa kitini lini?

Katika mjadala wote hii ndiyo hoja nzito, na haina jibu la kejeli. Kijana alijaribu kusema kwamba kampuni za kubeti hulipa zikikosea odi, kwa hiyo zinajipima zenyewe kila wikendi. Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani.

MWALIMU: Utabiri mmoja wa asilimia huwezi kuuhukumu, hapo mzee umeshinda. Lakini utabiri mia moja unaweza. Kusanya siku zote ambazo mtabiri alisema asilimia 70 ya mvua. Ikiwa ilinyesha katika siku 70 kati ya mia, anajua kazi. Ikiwa ilinyesha siku 40, anadanganya au hajui. Na ikinyesha siku zote mia, bado ana kasoro: alikuwa na uhakika akakunyima. Daftari la miaka ndilo la kumwondolea mtemi wa leo kitini.

MZEE: Hilo daftari la Bariadi liko wapi nilione?

Bwana shamba ameingia hapo, pikipiki yake ina vumbi jekundu mpaka kwenye taa.

BWANA SHAMBA: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba. Umekuja na mvua?

BWANA SHAMBA: Nimekuja na karatasi. Mzee, kuna jambo mnalichanganya. Utabiri wa msimu hauwezi kukwambia tarehe 25 Desemba itanyesha au la. Unakwambia miezi mitatu kwa ujumla wake. Ukitaka Krismasi yenyewe, subiri mpaka zibaki siku tano. Hata hao Waingereza wa theluji, Met Office inasema haiwezi kuahidi theluji ya Krismasi zaidi ya siku tano kabla. Mamlaka yetu inatoa utabiri wa msimu, wa mwezi, wa siku kumi na wa kila siku. Watu husikiliza ule wa msimu mwezi Agosti au Septemba, wanaukasirikia mpaka Januari, na ule wa siku kumi hakuna anayeufungua.

MAMA: Unatufikia vipi huo wa siku kumi?

BWANA SHAMBA: Unafika wilayani kwanza. Kata inaupata baadaye.

MAMA: Siku ya ngapi kati ya hizo kumi?

Bwana shamba alicheka tu.

Sasa hukumu, maana mjadala usio na hukumu ni kijiwe. Hoja kwamba asilimia hazimsaidii mkulima imeanguka. Mzee mwenyewe ameiangusha kwa luseni na mbuga zake: mtu anayegawa shamba kwa kuogopa pande zote mbili anatumia nafasi, si uhakika. Kijana wa mikeka ameiangusha pia, na sitaki tena kusikia mtaalamu akisema wananchi hawaelewi asilimia. Vijana wa Bariadi wanasoma odi za ligi tano kila Jumamosi.

Lakini malalamiko yaliyoizaa hoja hiyo yamesimama, na yanaelekezwa kwa watoa utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekuwa mamlaka kamili kwa sheria ya 2019. Haina sababu ya kusema na Bukoba na Meatu kwa sentensi moja. Kwanza itaje tukio. "Mvua za wastani" si tukio analoweza kulipanda mtu. "Milimita 20 ndani ya siku nne kabla ya tarehe 5 Desemba, bila kufuatwa na siku kumi kavu" ni tukio. Milimita 20 kwenye eka moja ni karibu lita 81,000, maboza manane ya lita 10,000, na kila mkulima anaelewa maboza manane maana yake nini kwa mbegu ya pamba. Waingereza wameweza kukubaliana juu ya chembe moja ya theluji kwa ajili ya mchezo. Sisi tunashindwa kukubaliana juu ya maji ya kuoteshea zao ambalo Simiyu inaongoza nchi nzima kwa kulilima?

Pili, vipimo viongezeke. Kipima mvua hakihitaji umeme wala intaneti. Kinahitaji uwanja wa wazi, bilauri, daftari na mtu anayefika mapema kila siku, Krismasi ikiwemo. Shule za msingi zina uwanja na zina watoto wa darasa la sita wanaojua kusoma desimali. Halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zikianza na shule moja kwa kila kata, bwana shamba atakuwa na cha kumjibu mzee anayelalamika kwamba mvua ilisimama mpakani mwa shamba lake.

Tatu, na hapa namwunga mkono mzee bila kupunguza neno, asiyeonyesha alikokosea asiombe kuaminiwa. Mwaka ujao Mamlaka itakapotangaza Vuli, ukurasa wa kwanza wa tangazo uwe matokeo ya Vuli iliyopita, wilaya kwa wilaya: tulisema hivi, ikawa hivi.